Nani Aliyeangusha? Kitenzi kilichopotea kwenye jalada la Shujaa Okonkwo

Mwaka 1973, East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958). Hebu weka majalada hayo mawili pamoja mezani. Kwa Kiingereza kuna mambo, na mambo yanaanguka. Kwa Kiswahili kuna mtu, tena shujaa. Kile kitenzi kilienda wapi?

Kwanza tumhurumie mtafsiri. Kiingereza kina vijineno vichache vya kwenda chini, "fall", "down", "low", na kinavibebesha kila mzigo. Nazi, bei, mvua, usiku, vyote "fall". Kiswahili hakikubali uvivu huo. Nazi huanguka, bei hushuka, mvua hunyesha, majani hupukutika, kilima huporomoka, jahazi huzama. Usiku nao hauanguki, bwana, huingia. Kabla hujasema kitu kimeenda chini, sharti useme ni kitu gani na kimeendaje. Sasa "mambo" ni kitu gani? Achebe, aliyelitoa jina lake kwenye shairi la W. B. Yeats, hakulazimika kujibu. Mtafsiri angelazimika. Yameporomoka? Yamesambaratika? Yamebomoka?

Tena anguka ana ndugu yake, angusha. Ukisikia kikombe jikoni, swali la kwanza ni moja tu: nani amekiangusha? Mimi niliisoma riwaya hii shuleni kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi niliamini Umuofia ilianguka yenyewe, kama nyumba iliyozeeka. Nilipoirudia nikiwaza kwa Kiswahili, kila hatua ilidai kitenzi chake. Okonkwo anafukuzwa Umuofia kwa miaka 7 baada ya bunduki yake kumuua kijana kwa bahati mbaya. Hapo anateremka. Anarudi na kukuta kanisa na mahakama ya wazungu. Hapo kijiji kinabomolewa, na mbomoaji anaonekana.

Mwisho wake ndio unaoniumiza. Okonkwo hafi kwa kuanguka. Anajitundika mtini, na mila zinawakataza watu wake kumgusa. Obierika analazimika kumwomba mkuu wa wilaya, mzungu, watu wake wamteremshe. Ona kejeli hiyo: katika kitabu chenye kuanguka kwenye jina lake, mtu mkubwa hana hata uwezo wa kufika chini bila mkono wa mgeni. Jina la Kiingereza linakuandaa kwa tukio hilo tangu jalada. Jina la Kiswahili halikuandai.

Kwa hiyo Ndulute alikosea? Nilikuwa nikisema ndiyo, bila kusita. Siku hizi nasita. Kumbuka yule mkuu wa wilaya anavyoondoka pale mtini. Anawaza kitabu anachokiandika kuhusu kuwatuliza "washenzi" wa Niger ya Chini, na anaona Okonkwo anaweza kupewa sura nzima. Halafu anapunguza: labda aya moja tu. Hata hiyo "chini" yake ina mambo. Kwenye ramani ni upande wa mto ulio karibu na bahari, lakini kinywani mwake inasikika kama cheo cha watu.

Mzungu alimpa aya. Kiswahili kikampa jalada zima, na kikamwita shujaa, neno tunalowapa akina Fumo Liyongo. Ni jibu, hata kama halikukusudiwa.

Lakini jibu hilo lina gharama. Ukimwinua mtu mmoja, kijiji kinatoweka nyuma yake, na msomaji anafunga kitabu akimlilia Okonkwo badala ya kuuliza yaliyoipata Umuofia. Siku tafsiri nyingine ikiandikwa, shujaa abaki na heshima yake ndani ya kurasa. Jaladani naomba kitenzi kirudi, na kama mtafsiri ana ujasiri, kiwe katika hali ya kutendwa. Mambo yaliangushwa. Mwenye kuyaangusha tunamjua.