Kazi Iko Ukingoni: Jinsi Salfa Ilivyong'olewa Kwenye Dizeli

Lori linalobeba pamba mbegu kutoka Nkoma, wilayani Itilima, katika eneo lililokuwa la Bariadi kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, linachoma dizeli iliyosafishwa ng'ambo. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilichoanza kusafisha mafuta ghafi katika miaka ya 1960, leo ni maghala ya kuhifadhia tu, na kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mafuta yanashushwa Dar es Salaam yakiwa tayari, mengi yakitoka Ghuba na India. Hata hivyo, dizeli hiyo si ile ya miaka 20 iliyopita. Tangu 2015 kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya miligramu 50 za salfa katika kila kilo, ilhali hapo awali miligramu 500 na zaidi zilikuwa jambo la kawaida. Wengi huisifu sheria kwa hilo, na inastahili sifa. Lakini sheria iliweza kudai kiasi hicho kwa sababu kuna watu waliokuwa wametafuta, kwa miaka mingi, mahali hasa ambapo kichocheo hufanyia kazi yake.

Kichocheo chenyewe ni punje ndogo za alumina zilizojaa vitundu, zikabebeshwa molibdenamu pamoja na kobalti au nikeli. Dizeli huchanganywa na haidrojeni, ikapitishwa kati ya punje hizo kwenye joto la nyuzi 350 hivi na shinikizo kubwa. Haidrojeni huitwaa salfa, ikatoka nayo kama gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo hugeuzwa tena kuwa salfa kavu. Salfa nyingi inayouzwa duniani leo hupatikana kwa kusafisha mafuta na gesi, hivyo hata ile ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho ya Mtwara kuzuia ubwiriunga huenda ilianzia kwenye mafuta ghafi. Ajabu ni kwamba metali hizo hazifanyi kazi ipasavyo mpaka zenyewe zilishwe salfa kwanza: kinachoondoa salfa kimejengwa kwa salfa.

Kwa miongo mingi mafundi walijua kwamba kobalti huipa molibdenamu nguvu, bila kukubaliana kwa nini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Henrik Topsøe na wenzake nchini Denmark walionyesha kwamba molibdenamu na salfa hujipanga kwa matabaka membamba mno, na kwamba kobalti yenye manufaa ni ile iliyokaa kwenye kingo za tabaka. Uso mpana wa tabaka karibu haufanyi kitu. Aliyeona kinu cha rola kikichambua pamba ataelewa upesi: rola ni kubwa, fremu ni nzito, lakini nyuzi huachana na mbegu pale tu kisu kinapogusana na rola. Ukiongeza chuma kwenye fremu hupati pamba nyuzi zaidi. Vivyo hivyo, kurundika molibdenamu kwenye punje bila kuongeza kingo ni kupoteza metali ya bei kubwa.

Ugunduzi huo ungetosha kama salfa yote ingekuwa rahisi kung'olewa. Iliyo rahisi huondoka mapema. Inayobaki imekaa katikati ya pete za kaboni, na kila upande wake kuna kikundi cha methili kinachoikinga isiufikie ukingo. Kwa molekuli hizo sugu, njia ya mkato ya kuinyofoa salfa moja kwa moja hushindwa; inabidi pete mojawapo ijazwe haidrojeni kwanza, ijipinde, ndipo salfa ifikike. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Aarhus, huko huko Denmark, wakitumia hadubini inayopapasa atomu moja moja kwa ncha ya sindano, waliona kwamba kando kabisa ya ukingo, kwenye uso uliodhaniwa kuwa mfu, kuna ukanda mwembamba wenye tabia ya metali. Ukanda huo husaidia hasa ile hatua ya kujaza haidrojeni. Vichocheo vilivyotengenezwa kwa kuzingatia ukanda huo viliingia sokoni punde baadaye, na hapa ndipo ninapoona hoja yangu ikisimama imara zaidi: jicho lilitangulia, kiwanda kikafuata.

Yupo atakayeuliza kwa nini wasingeongeza joto tu. Walijaribu, na joto lina mpaka wake. Likizidi, pete hukataa kubaki na haidrojeni, na masizi ya kaboni huziba vitundu, kichocheo kikachoka kabla ya wakati. Njia nyingine ni nikeli badala ya kobalti. Hiyo inajaza haidrojeni vizuri zaidi, lakini inaimeza kwa wingi, na haidrojeni ni ghali. Kila kiwanda kimelazimika kupima kati ya hayo mawili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu. Mafuta safi bandarini yana faida gani kwa Nkoma ikiwa yatachakachuliwa njiani? Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli yanaweza kurudisha salfa iliyoondolewa kwa gharama kubwa. Ndiyo maana vinasaba, yaani alama za kikemikali za kufichua uchakachuaji, vilivyoanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni sehemu ya habari hii hii. Bila vinasaba, kazi ya Aarhus inaishia Kigamboni. Nakubali pia kwamba lori kuukuu lisilo na chujio la moshi halinufaiki sawa na gari jipya. Hata hivyo, hata kwenye injini kuukuu salfa ikipungua, asidi inayokula vyuma hupungua, na moshi anaouvuta mpakiaji wa marobota huwa na chembe chache zaidi.

Sidai kwamba TIPER na Changamwe viliuawa na kichocheo. Vilikuwa viwanda vidogo na sahili, visivyo na mtambo wa kuvunja mafuta mazito, hivyo sehemu kubwa ya kila pipa ilibaki kuwa mafuta ya tanuri yenye bei ndogo. Suala hilo la kuvunja mafuta mazito linarudi Hoima, ambako Uganda inapanga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku. Mafuta ya Ziwa Albert yana salfa kidogo na nta nyingi. Mzigo mkubwa huko utakuwa kuvunja minyororo mirefu, kazi ya vichocheo vya zeolaiti, ambavyo wafanyao mkataba wanapaswa kuviulizia mapema: nani atavileta, na nani atavipokea vikichoka. Na kobalti ile ya ukingoni? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, maeneo ya Kolwezi na jirani zake, na sehemu yake hupita Tunduma kwenda Dar es Salaam, bandari ile ile inayoshusha dizeli ya Nkoma.