Kujikana, Kukabidhi na Kujisalimisha: Msamiati wa Kumwachia Mungu Nafsi katika Kiswahili cha Kikristo

Miongoni mwa miito inayorudiwa sana katika mimbari za Kikristo ni ule wa kumtaka muumini ajisalimishe kwa Mungu. Neno hilo limezoeleka hata halichunguzwi tena. Makala haya yanakusudia kulilinganisha na maneno yaliyoteuliwa na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, na kuonyesha kwamba uteuzi wa wafasiri hao una hekima ambayo mahubiri ya leo yameanza kuipoteza.

Yafaa kukumbuka kwanza hali waliyoikuta wafasiri. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Steere alipofanya kazi yake Unguja baadaye katika karne hiyo hiyo, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya dini. Kitenzi kilichokuwa karibu zaidi na dhana ya kumwachia Mungu nafsi kilikuwa kusilimu. Lakini kitenzi hicho kilikwisha kuwa na mwenyewe, kwani maana yake ni kuingia katika Uislamu. Mfasiri wa Kikristo hakuweza kukitumia bila ya kuzua utata. Kwa hiyo dhana ambayo Waislamu wameipatia jina moja, Wakristo waliigawa katika vitenzi kadhaa, na kila kimoja kikabeba sehemu yake.

Kitenzi cha kwanza ni kujikana, kama kinavyotumika katika Marko 8:34. Kukana ni kusema humjui mtu, au kukataa kuwa jambo fulani ni lako. Ubora wa uteuzi huu huonekana mtu asomapo Injili hiyo mfululizo, kwa maana katika sura ya 14 kitenzi hicho hicho chatumika kwa Petro. Mwanafunzi aliyeagizwa kujikana, akamkana Bwana wake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo: aghalabu mtu asipoikana nafsi yake, humkana mwingine ili kuiokoa. Mnyambuliko mmoja tu wa kitenzi umetosha kulibeba fundisho zima.

Kitenzi cha pili ni kukabidhi, kinachopatikana katika Zaburi 37:5. Hapa sarufi yenyewe yastahili kuzingatiwa. Kitenzi hiki huchukua yambwa mbili: anayepokea na kinachopokewa. Kiambishi cha yambwa humwakilisha mpokeaji, ndiye Bwana, na njia ya muumini huja baadaye. Haiwezekani kukabidhi kitu hewani. Sharti awepo wa kukabidhiwa, naye ajulikane. Tena neno hili lina upande wake wa pili, kwani mtu kabidhi ni bahili, asiyeachia kilichomo mkononi mwake. Basi anayekabidhi hulegeza mkono, na anayekabidhiwa huufumba.

La tatu, na pengine lenye uzito kupita yote, ni amana, lililotumika katika 2 Timotheo 1:12. Ni neno la watu waliofanya biashara na kusafiri. Mwenye safari humwachia mwaminifu mali yake, akaenda zake. Mwaminifu hana ruhusa ya kuitumia kama yake, na siku ya kudaiwa huitoa ikiwa kamili. Neno hilo lina shina moja na imani na kuamini, hivyo katika Kiswahili kumwamini mtu na kumwekea amana ni mambo yaliyo jirani sana. Kwa mtazamo huu, nafsi aliyoachiwa Mungu haikutwaliwa ikatoweka. Imehifadhiwa, nayo itarudi kwa mwenyewe.

Si kwamba uteuzi wote ulikuwa salama. Kujitoa, ambalo ndilo neno la kawaida la Wakristo wengi, lina maana mbili zinazopingana: mtu hujitoa kwa ajili ya kazi, na mtu hujitoa katika chama, yaani hujiuzulu. Tena siku hizi kujitoa mhanga ni msemo wa taarifa za habari kuhusu wanaojilipua. Hatari hiyo wafasiri wa Warumi 12:1 waliikinga kwa kuhifadhi sifa moja fupi iliyomo katika waraka wenyewe. Dhabihu kwa asili ni kitu cha kuchinjwa. Lakini dhabihu inayotajwa hapo ni hai. Mtume hadai kifo cha mwamini, bali maisha yake.

Kujisalimisha ni neno la namna nyingine. Makao yake ni uwanja wa vita na kituo cha polisi. Anayejisalimisha ameshindwa au amesakwa. Hana hiari ila kuinua mikono. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki chaweza kusimama peke yake bila ya kumtaja mpokeaji, na nafasi hiyo iliyo tupu yeyote aweza kuikalia. Mhubiri asemapo ‘jisalimishe’, msikizaji asiye na hadhari aweza kujisalimisha kwa mhubiri.

Jambo hili si la nadharia tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Upande wa mashtaka umedai mahakamani kwamba waumini walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Si haki kulitwika neno moja lawama ya msiba huo. Hata hivyo, jamii iliyofunzwa kwamba kumfuata Mungu ni kushindwa tu, bila ya kuuliza amana imewekwa kwa nani, haina silaha ya lugha ya kujikinga nayo.

Wako watakaosema kwamba lugha ya amana ni laini mno, na kwamba wapo walioongoka kwa kushindwa hasa, kama Paulo katika njia ya Dameski. Hoja hiyo ina ukweli. Kujisalimisha kwaweza kueleza saa ya kwanza ya safari. Hakuwezi kueleza safari yenyewe. Kielelezo cha utii kwa Mkristo ni Gethsemane, na huko anayetii hakuja kimya wala hakufungwa mdomo. Aliomba kwanza kikombe kimwondokee, akataja mapenzi yake kuwa ni yake, ndipo akayaweka chini ya mapenzi ya Baba. Mtu hawezi kukabidhi asichokuwa nacho.

Wachunguzi wa lugha huyaachia makanisa maswali ya imani, na ni sawa. Lakini kubainisha neno linadai nini kwa anayeliitikia ni kazi yao. Kiswahili cha Kikristo kina kujikana, kukabidhi na kuweka amana. Maneno hayo yangali hai, nayo humtaka mtu aliyesimama kwa miguu yake, anayejua anampa nani.