Namna ya Kumtambua Mpigaji Anayeshika Mwendo

Kwenye onyesho la taarab watu husifu vidole vya mpiga ganuni, sauti ya mwimbaji na mafumbo ya maneno. Mwendo hausifiwi na mtu. Lakini mwendo ukiyumba, mama aliyenyanyuka kwenda kumtuza mwimbaji hupoteza hatua njiani, wala hajui kilichomkwaza. Kushika mwendo ndio ufundi unaobeba ufundi mwingine wote wa mpigaji, na yeyote mwenye sikio la subira anaweza kuupima. Anachohitaji ni metronomu, kifaa kinachotoa mlio kwa kasi isiyobadilika.

Kifaa chenyewe

Mwaka 1814, Dietrich Nikolaus Winkel, fundi aliyeishi Amsterdam, aligundua kwamba ufito wenye uzito juu na chini ya egemeo lake hubembea polepole bila kuhitaji urefu wa pendulamu ya kawaida. Mwaka uliofuata Johann Maelzel akaichukua rai hiyo, akaitia vipimo vya namba na kuipatia hataza. Mwaka 1817 Beethoven akatangaza namba za mwendo wa simfoni zake, na tangu hapo wanamuziki wakapata njia ya kuambiana kasi bila kubahatisha.

Metronomu ya kujazwa kwa ufunguo huanzia mapigo 40 kwa dakika hadi 208. Kwenye 60, pigo moja ni sekunde moja. Programu ya simu hufanya kazi hiyohiyo, lakini ukinunua ile ya ufito, iweke juu ya meza iliyo sawa, ufumbe macho na kusikiliza. Tik na tak ziachane kwa nafasi sawa. Ikichechemea, iache dukani, maana kipimo kilichopinda kitampindisha na anayekitumia.

Mlio unaopotea

Mwombe mpigaji wa ngoma ya dumbaki apige pamoja na metronomu kwenye 80, pigo moja kwa kila mlio. Akitua palepale, dumbaki huumeza mlio, nawe utadhani kifaa kimezimika. Ukisikia sauti mbili zilizokaribiana, bado hajafika. Sikiliza ipi imetangulia. Wengi wetu huuwahi mlio kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa kuwa mwili hulibashiri pigo badala ya kulingoja. Anayewahi kwa kiasi kilekile kila mara ana dosari nyepesi, kwani mwendo anao, ameuweka tu pembeni kidogo. Anayewahi mara hii na kuchelewa mara ile ndiye mwenye kazi kubwa mbele yake.

Polepole ndiko kwenye mtihani

Sasa shusha hadi 40. Wanafunzi wengi hunisihi niwapime kwa kasi, wakiamini kasi ndiyo ngumu. Kwenye 160, nafasi kati ya pigo na pigo haifiki hata nusu sekunde, na kosa halina pa kukua. Kwenye 40 nafasi hiyo ni sekunde moja na nusu, na mpigaji hana budi kuigawa mwenyewe moyoni. Hapo mtazame mwili. Mwenye ufundi ana kitu kinachotembea hata mkono ukiwa umetulia: kisigino, shingo, au pumzi tu. Asiye nao huganda, kisha hushtuka mlio ukija, na pigo lake hutoka kali kuliko mengine.

Akifaulu, mpunguzie milio. Apige wimbo wa mwendo wa 160 huku metronomu ikibaki kwenye 40, apate mlio mmoja kwa kila mapigo manne. Kwanza mlio uangukie pigo la kwanza, halafu auhamishie la pili, kisha la nne. Akiweza kuuweka mlio popote bila wimbo kugeuka sura, mwendo umeshamwingia ndani. Mwisho zima sauti kwa muda wa mizunguko minne ya wimbo, kisha iwashe tena. Bingwa hukutana na mlio kama mtu aliyeagana na mwenzake kukutana sokoni saa nne.

Kimya

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami sijapata kipimo kikali kuliko hicho. Vikundi vya taarab asilia vya Unguja hupenda kufungua onyesho kwa bashraf, kipande cha ala bila mwimbaji. Jamaa yake ni samai, yenye mzunguko wa mapigo 10: dum, pigo zito la ngoma, kwenye la 1, tak, pigo jepesi, kwenye la 4, dum mbili kwenye la 6 na la 7, tak kwenye la 8. La 9 na la 10 hayana pigo kuu. Ni kwenye mapigo hayo mawili matupu ambako mwanagenzi huiba wakati. Anaiona dum ya kwanza mbele yake, anaitamani, anairukia. Kila mzunguko hupungua kidogo, na baada ya dakika tatu kikundi kizima kinakimbia, kila mtu akimtuhumu jirani yake. Mpigaji mzuri huyapa mapigo hayo mawili haki yake kamili.

Sehemu nyingine za kutegea sikio ni hizi. Mwendo hukimbia pale wimbo unapokuwa rahisi, sauti inapopanda, na mpiga dumbaki anapomwaga mapambo kabla ya kiitikio. Hulegea vidole vinapopata kazi ngumu na sauti inaposhuka. Rekodi wimbo mzima, kisha linganisha ubeti wa kwanza na wa mwisho ukiwa na metronomu mkononi.

Kuchelewa kwa makusudi

Usimhukumu mtu kwa metronomu peke yake. Taksimu ya udi, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, haina mapigo ya kuhesabu, na kuidai ifuate mlio ni kuiua. Mwimbaji hodari naye huburuta neno nyuma ya pigo ili fumbo lizame. Utajuaje kama ni makusudi? Sikiliza mwisho wa mstari. Aliyechelewa kwa ufundi hulipa deni lake na kutua pamoja na wenzake. Aliyepotea hutua popote, na ala humfuata kumwokoa. Ucheleweshaji mzuri huhitaji rika, ile tari ndogo, iliyonyooka chini yake, kwani hakuna nyuma ya pigo kama pigo lenyewe halijulikani liko wapi.

Ndiyo maana kipimo changu cha mwisho hakihitaji kifaa. Mwingize mpigaji huyo katikati ya mazoezi ya kikundi, usiseme neno, kisha watazame wapiga fidla. Kama mwendo anao, baada ya mizunguko michache wataacha kuviziana mikono. Macho yatainuka, upinde utapata urefu wake, na mwimbaji atavuta pumzi ndefu kuliko alivyozoea, kwa kuwa anajua dum itakuja na itakuja lini.