Namna ya Kuipima Riwaya ya Mwanagenzi

Ukiwa dukani na riwaya ya fantasia mkononi, usihangaike na sura ya kwanza. Karibu kila mwandishi anajua kumtoa msomaji machozi hapo: yatima mdogo wa umbo anachekwa na wenzake, halafu anatokea mzee wa ajabu kumchukua. Ruka. Tafuta mahali ambapo kijana ameshapokewa na fundi lakini bado hajui lolote, usome kurasa chache. Hapo ndipo riwaya ya uanagenzi inapojulikana.

Tazama kwanza kazi anayopewa. Katika Mort ya Terry Pratchett (1987), kijana ambaye mafundi wote wamempita gulioni anachukuliwa na Mauti mwenyewe, kisha anaanzishwa kwa kuzoa samadi zizini. Katika The Ruins of Gorlan ya John Flanagan, Will amekataliwa na shule ya wapiganaji kwa udogo wa mwili. Kwa Halt, fundi anayempokea, anaanza kwa kuchota maji na kusafisha kibanda. Aliyewahi kuwa saidia fundi atatikisa kichwa kwa kuelewa. Lakini ufagio peke yake si sifa, maana waandishi wengi wameuiga. Uzuri wa Flanagan uko kwingine: wepesi ule ule wa mwili uliomkosesha Will upanga ndio unaomwezesha kupanda kuta na kupita bila kuonekana. Hajaongezewa nguvu yoyote. Amepata tu kazi inayomtaka alivyo.

Aliyelimaliza suala hili la kazi, kwangu mimi, ni Ursula K. Le Guin katika A Wizard of Earthsea (1968). Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, anamfuata fundi wake wa uchawi, Ogion, akidhani ataonyeshwa miujiza siku hiyo hiyo. Siku zinapita, wao wanatembea tu. Mvua inanyesha, na Ogion, mwenye uwezo wa kuifukuza, anaiacha iwaloweshe. Kijana anachoka, anakwenda shule ya Roke, na huko nako anawekwa mnarani kukariri orodha za majina, ambazo wino wake hufutika usiku wa manane. Angalia ustadi wa mwandishi: katika ulimwengu ule nguvu zote zimo katika majina ya kweli, hivyo kukariri kunakochosha ndiyo fani yenyewe. Ged anapokatiza njia ili amkomeshe mwenzake Jasper, anaita kivuli kinachomrarua uso, na mkuu wa shule anakufa akiliziba tundu kilimopitia. Riwaya dhaifu humtoza mwanagenzi jasho lake tu. Hapa deni la pupa yake linalipwa pia na mtu mwingine, naye anabaki hai akilijua hilo.

Kisha mpime fundi. Asiwe kisima cha busara kisichokauka. Katika Assassin's Apprentice ya Robin Hobb (1995), Fitz, mwana wa haramu wa mwana wa mfalme, amezungukwa na walimu wasiolingana: Burrich wa mazizi, Chade anayemfundisha kuua kwa siri, na Galen, anayempiga na kumwaminisha kuwa hana kipaji. Sura za Galen zinauma, na Hobb hana haraka ya kuliponya jeraha lile. Mwandishi mvivu angemzindulia Fitz kipaji kilichojificha akamshinda mwalimu wake kabla ya sura kwisha. Hila hiyo naichukia kuliko zote, pamoja na ndugu yake, damu ya kifalme inayogunduliwa mwishoni. Kama yote yalikuwamo katika damu, kujifunza kulikuwa kwa ajili ya nini?

Lloyd Alexander aliichezea hila hiyo ya damu kwa ujasiri katika Taran Wanderer (1967). Taran, msaidizi wa mchunga nguruwe, anasafiri kuwatafuta wazazi wake akitumaini ni watu wa nasaba. Njiani anajiweka chini ya mhunzi, akafua upanga. Chini ya mfumaji, akafuma joho. Anapofika kwa Annlaw mfinyanzi anaipenda kazi ya udongo kuliko zote, anaishikilia kwa moyo wote, na mikono yake inagoma. Mwandishi hamletei muujiza. Ni kitabu cha nne kati ya vitano vya mfululizo wake. Anza na The Book of Three (1964), ingawa ni chepesi zaidi, umwone kwanza Taran akiwa bado anadhani upanga ndio kila kitu.