Mikono Iliyoitangulia Ndege Yako

Rubani aliyepata leseni juzi akiona Cessna 172 inauzwa, macho yake hukimbilia rangi. Hutazama mstari mwekundu ubavuni, viti vilivyoshonwa upya, redio yenye kioo kinachong'aa. Wahenga walishaonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Namwandikia rubani huyo, hasa yule anayetaka kuiweka ndege yake Mwanza na kuzunguka visiwa vya Ziwa Victoria, nimwombe aanze na jambo lisiloonekana kwenye picha za muuzaji, yaani kazi ya mafundi walioitunza ndege ile tangu ilipotoka kiwandani. Anayenunua ndege iliyotumika ananunua uaminifu wa watu asiowajua. Anayeweza kumwambia kama uaminifu huo ulikuwepo ni fundi wa ndege, na fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Mdogo wangu, usiogope umri. Cessna walianza kuuza 172 mwaka 1956, na hakuna ndege nyingine duniani iliyotengenezwa kwa wingi kama hiyo, zimeshapita 44,000. Mwaka 1986 kampuni ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake ndogo za injini ya pistoni, ikaja kuurudia miaka kumi baadaye. Kwa hiyo ndege ambayo mfuko wa rubani mpya unaweza kuifikia mara nyingi ni ya miaka ya 1970, na huenda imemzidi umri yeye mwenyewe. Hilo si kasoro. Silinda hubadilishwa, nyaya za usukani hubadilishwa, mipira ya mafuta na magneto huwa na muda wake wa kutolewa. Ndege ya miaka 50 iliyopitia mikono mizuri ni salama kuliko ya miaka 20 iliyotelekezwa chini ya mti. Swali la kuuliza ni nani aliitunza, na alitunza vipi.

Ziwa letu halijawahi kuruhusu swali hilo lipuuzwe. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kati ya London na Mwanza, na upande huu wa Afrika Mashariki ndege za kutua majini ndizo zilizoufikisha mzigo wa barua ziwani. Mwaka uliofuata njia ikarefushwa hadi Cape Town. Huko Nairobi, Florence Kerr Wilson alikuwa amekwisha kuanzisha Wilson Airways mwaka 1929, na uwanja unaobeba jina lake ndio mpaka leo penye msongamano mkubwa wa ndege ndogo na karakana zake katika ukanda huu. Marubani wa zama hizo wameandikiwa vitabu. Waliosafisha plagi zao usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta hawana hata picha ukutani, ilhali bila wao hakuna barua ambayo ingefika Mwanza.

Tazama ramani uone kwa nini ziwa hili linamhitaji fundi. Kutoka Mwanza hadi Bukoba ni kama kilomita 175 kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ni maji. Cessna 172 iliyo mita 1,500 juu ya ziwa, injini ikizima, itateleza hewani kilomita 14 hivi kabla ya kugusa chini. Zinazobaki zote ni imani yako kwa injini ile. Ongeza na mwinuko: uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na siku ya nyuzi 28 hewa ya uwanja wa Mwanza huwa nyepesi kana kwamba uko karibu mita 1,900. Injini isiyo na tabo hupoteza hapo kama sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake. Kwa hiyo viti vinne havina maana ya watu wanne na matangi yaliyojaa. Kaa na kitabu cha ndege hiyo, piga hesabu ya uzito na ya urefu wa njia ya kurukia, kisha ndipo uamue kama nguvu za farasi 160 zinakutosha au utafute Cessna 182 yenye 230.

Sasa twende kwa fundi. Kazi yake haianzi na bisibisi, inaanza na kusoma. Ndege huwa na madaftari yake: la kiwiliwili, la injini, la propela. Fundi mzoefu huyafungua kabla hajafungua boneti, na husoma taratibu kama anayesoma barua ya posa. Anatafuta miaka iliyorukwa. Anatafuta mahali paliposemwa "propela imebadilishwa" bila kuelezwa ile ya zamani ilipatwa na nini, maana propela iliyogonga ardhi huku injini inazunguka hupeleka kishindo hadi kwenye kranki, na injini hiyo ilipaswa kufunguliwa yote ikaguliwe. Anatafuta maagizo ya lazima ya usalama, kila moja na tarehe yake, saa za ndege siku ile, njia iliyotumika na sahihi ya aliyetenda.

Maagizo hayo yana sababu za damu. Chukua reli za viti vya Cessna. Kiti husogezwa mbele na nyuma juu ya reli, kikashikwa na pini iingiayo kwenye tundu. Matundu yakilika, pini hukosa pa kushika. Ndege inapoongeza mwendo kuruka, kiti huteleza nyuma ghafla, rubani hung'ang'ania usukani ili asianguke, na kwa kuuvuta huipandisha pua ya ndege wakati mbaya kuliko wote. Wamekufa watu kwa tundu lililopanuka milimita chache. Fundi hupitisha kipimo chake tundu kwa tundu, na hapo ndipo ninapoiona heshima ya kazi hii: umakini mkubwa kwa kitu kidogo ambacho abiria hatajua kamwe kwamba kilimwokoa.

Kwenye injini, saa zilizoandikwa zinaweza kukudanganya. Kwa injini ya Lycoming O-320, iliyo kwenye 172 nyingi, mtengenezaji anapendekeza ukarabati mkubwa kila baada ya saa 2,000 au miaka 12. Muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba injini yake ina saa 300 tu tangu ukarabati. Uliza saa hizo 300 zimechukua miaka mingapi. Katika injini hizo kemshafti iko juu ya kranki. Ndege ikikaa miezi bila kuruka, oili hushuka yote chini, unyevu hupanda, na kutu huanza kula chuma kisicho na oili. Siku ikiwashwa, kutu ile husagika na kuondoka na ngozi ya kemshafti. Injini ya saa 1,400 iliyorushwa kila wiki yaweza kuwa nzima kuliko hiyo "changa" iliyolala.

Simama karibu fundi anapopima mgandamizo. Kwangu ni saa nzuri kuliko zote katika ukaguzi. Injini imetoka kuzimwa, bado ina joto. Anatoa plagi moja kwenye kila silinda, anafunga mpira wa hewa wenye geji mbili, anaileta pistoni juu kabisa ambapo valvu zote zimefunga, na mwenzake anaishika propela kwa nguvu isije ikazunguka ikamvunja mtu mkono. Hewa ya paundi 80 inaingia. Geji ya pili inaonyesha kilichobaki ndani: silinda ya kwanza 76, ya pili 75, ya tatu 61. Wengi wangeishia kwenye namba. Fundi anainama, anaweka sikio kwenye bomba la moshi. Hewa ikilia hapo, valvu ya kutolea moshi haikai vizuri. Haisikiki? Anafungua kifuniko cha kumiminia oili na kusikiliza. Ikilia hapo, ni ringi za pistoni. Kisha anatazama kitabu cha mtengenezaji, kwa sababu watengenezaji wa injini za Continental hukubali namba ambayo Lycoming huitilia shaka.

Halafu chujio la oili. Analikata kopo lake, anatoa karatasi ya ndani iliyokunjwa-kunjwa, anaitandaza mezani na kuipitia kunjo moja baada ya jingine akiigeuza kwenye mwanga. Chembe zikimetameta, hapitishi hukumu mara moja. Anasogeza sumaku. Zikirukia sumaku ni chuma, pengine kemshafti au gia. Zisiporuka huenda ni aluminiamu ya pistoni. Katika karatasi chafu ya ukubwa wa kiganja anasoma hali ya mashine ambayo hajaifungua.

Kiwiliwili nacho kina historia. Ndege iliyoishi Zanzibar au Mafia imevuta chumvi kwa miaka. Kagua kutu ndani ya mbawa kwa tochi na kioo, hasa pale bati linapopandana. Ndege ya kwetu ziwani imekaa kando ya maji yasiyo na chumvi, lakini isijione imepona. Unyevu upo, nyigu hujenga udongo ndani ya mrija wa kupimia mwendo, na yale mawingu ya vijidudu yanayopanda kutoka ziwani kama moshi huziba chujio la hewa. Waliozoea viwanja vya changarawe huacha alama zao pia: makovu ya mawe kwenye makali ya propela, na mikunjo kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani, ishara ya gurudumu la mbele lililotua kwa kishindo. Mstari mweusi unaotoka nyuma ya ribiti unamwambia fundi kwamba ribiti ile imelegea na inasagana na bati kila ndege inaporuka. Rangi mpya hufuta mstari huo. Ndiyo maana fundi mzuri huitilia shaka ndege iliyopakwa rangi wiki ya kuuzwa.

Basi, tafuta fundi mwenye leseni ambaye hajawahi kulipwa na muuzaji, mlipe nauli, mlipe siku zake, na umwache aseme asiyotaka kusikia mtu aliyekwisha kupenda. Ukikuta ndege Nairobi yenye usajili wa Kenya, 5Y, na unataka uwe wa Tanzania, 5H, iulize mapema Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania itadai hati na ukaguzi gani kabla ya kutoa cheti cha kustahili kuruka. Uliza pia avgas, yaani petroli ya ndege, utaipata wapi. Viwanja vingi vina mafuta ya ndege za jeti, ambayo huiua injini ya petroli kama hii. Weka akiba ya mwaka wa kwanza kando na bei ya kununulia, kwa sababu ukaguzi wa mwaka wa kwanza ndio huibua yaliyofichwa. Na fundi akisema "iache", iache. Fedha uliyomlipa haikupotea. Imekununulia miaka ya kuendelea kuruka. Rahisi inavunja upishi, na hakuna jiko ambalo msemo huo unauma kuliko ndege iliyo katikati ya ziwa.

Ukishanunua, usimwage fundi ukabaki na ndege. Muombe muifungue boneti pamoja. Shika tochi, mpe spana, uliza kila waya unaelekea wapi. Rubani aliyekaa karakanani husikia mapema sauti iliyobadilika, hunusa mafuta yasiyo mahali pake, na asubuhi anapotoa mafuta chini ya tangi kutafuta maji haifanyi kazi hiyo kama ibada ya kukariri. Irushe ndege yako mara kwa mara, maana sasa unajua kemshafti inahitaji nini. Na kosa likitokea, ukitua kwa kishindo, au propela ikigusa nyasi, liandike siku hiyohiyo kwa maneno yaliyo wazi.

Hapo nawe umeingia katika mlolongo wa mikono. Ipo siku utaiuza ndege hiyo, na rubani kijana wa Bukoba, Musoma au Kisumu atakuja na fundi wake, atafungua daftari na kufika kwenye kurasa za miaka yako. Hatakufahamu. Atakachokuwa nacho ni ulichoandika na ulichoacha kuandika, kisha atavuka maji akiutegemea ukweli wako kama wewe ulivyoutegemea wa waliokutangulia. Fundi mwadilifu huweka sahihi yake akimfikiria mtu huyo ambaye bado hajafika. Jifunze kwake hilo kabla ya jingine lolote, nawe utakuwa umestahili kuitwa mwenye ndege.