Kamusi na Bustani ya Nyumbani: Maelezo Yasiyo na Majira

Kazi ya kwanza ya kamusi ni kumweleza asiyejua maana ya neno kwa namna ambayo, atakapokikuta kitu chenyewe, asikosee kukitambua. Kwa kipimo hicho kamusi za Kiswahili zastahili sifa katika mambo mengi: vyombo vya bahari, mapishi, ndoa, sheria na ibada. Lakini liko fungu moja la maneno ambalo limeachwa nyuma, nalo ni majina ya ndege na mimea ionekanayo karibu na nyumba, uani na bustanini. Maelezo ya maneno hayo aghalabu hukomea kwenye jinsi: kwamba hili ni jina la ndege, na lile ni jina la mti. Pengine huongezwa rangi au ukubwa. Kinachokosekana karibu kila mahali ni wakati. Msomaji haambiwi ndege huyo huonekana lini, wala mti huo hufanya nini masika yafikapo. Upungufu huu waweza kudhaniwa kuwa wamhusu mtaalamu wa viumbe tu, wala haumhusu mtaalamu wa lugha. Sivyo. Unagusa maana yenyewe, kwa kuwa maneno mengi ya fungu hilo hayaelezeki pasipo majira.

Haki yataka watangulizi wapewe kwanza sifa yao. Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, na ya Madan mwaka 1903. Ile ya Johnson ya mwaka 1939, pamoja na ya Padre Sacleux iliyotoka Paris mwaka huo huo, ziliongeza majina ya Kilatini ya mimea mingi, na kwa jambo hili Sacleux angali ni marejeo makubwa. Mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu juu ya mimea ya Unguja na Pemba, ya kutumiwa na ya kupamba, pamoja na majina yake ya Kiswahili. Kamusi hizo zote zilikuwa za lugha mbili. Mtungaji aliyeandika neno la Kiingereza au la Kifaransa mbele ya neno la Kiswahili alikuwa amemwonyesha msomaji njia ya kwenda kwenye vitabu vingine, na huko angeyapata mengine yote. Ilipotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, mambo yaligeuka. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili haina lugha ya pili ya kuegemea. Mzigo wote wa kueleza ulikiangukia Kiswahili chenyewe. Lakini katika fungu la viumbe na mimea maelezo mengi yalibaki mafupi, kana kwamba lile neno la kigeni lingali pale. Hapo ndipo ilipozaliwa kasoro inayozungumzwa hapa.

Na utazamwe mfano wa fumbwe. Dume lake, wakati wa mvua za kuzalia, huvaa manyoya meusi na meupe, mdomo wake mwekundu, na mkia mrefu kupita mwili wake. Hurukaruka hewani mbele ya majike hata mtu apitaye njiani akasimama kumtazama. Mvua zikiisha, mkia hupukutika, weusi hutoweka, na bwana harusi yule hurudi kuwa ndege mdogo wa rangi ya kahawia yenye michirizi, asiyepambanuka kwa urahisi na jike lake. Kamusi isemayo tu kwamba fumbwe ni ndege mdogo mwenye mkia mrefu imesema kweli ya sehemu ya mwaka, na kwa dume peke yake. Mwanafunzi aishikaye kamusi hiyo mwezi wa kiangazi, akamwona fumbwe juu ya ukuta wa bustani, atasema huyu siye. Kosa si la macho yake.

Mbayuwayu naye ana shida ya namna nyingine. Chini ya jina hili moja wamo ndege wakaao mwaka mzima, wajengao viota vya udongo chini ya mapaa, na wamo wageni watokao Ulaya na Asia. Wageni hawa huanza kuonekana Afrika ya Mashariki yapata mwezi wa Septemba, huzidi wingi kaskazi ivumapo, na hufikapo Aprili wengi wao huwa wamekwisha rejea makwao kuzaa. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa mwendo wa namna hiyo. Ndio mwendo wa majahazi ya Arabuni na Uajemi, yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Lakini msomaji wa kamusi hapati hata dalili kwamba mbayuwayu aliye juu ya paa lake Januari huenda si yule amwonaye Julai.

Kuhusu jambo hili upo mfano wa mbali unaofaa kutajwa. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne huko Uingereza, alianza mwaka 1751 kuandika daftari la bustani yake: kilichopandwa, kilichochipua, kilichoiva. Baadaye akaongeza habari za ndege na hali ya hewa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1789. Miongoni mwa mambo aliyoyagundua ni kwamba ndege wadogo wa rangi ya majani, ambao watu waliwachukua kuwa wa namna moja, ni wa namna tatu, naye aliwapambanua hasa kwa sauti zao. Mmoja wa hao watatu huja Afrika ya Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya na kuchakura wadudu katika miti ya bustani. Faida ya mfano huu kwa mtunga kamusi ni wazi: jina lililofunika vitu vitatu lilifumbuliwa na mtu aliyekaa mahali pamoja, akatazama mwaka mzima, akaandika tarehe.

Kwa upande wa mimea, hali haina tofauti. Mkungu, mti wa vivuli vya pwani, majani yake makubwa hugeuka mekundu kisha huanguka, na mahali pengi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Msufi hupukutisha majani wakati wa ukame na kuchanua ukiwa mtupu, hata mgeni akaudhania umekufa. Mwembe hutoa maua wakati wa kipupwe, na embe zake huanza kuiva vuli na kuendelea kaskazi. Asmini ina wakati wake hata ndani ya siku moja: hufunguka usiku, kwa hiyo wanawake huichuma ikali kifumba kabla ya jua kuchwa. Kamusi ikisema kwamba asmini ni ua jeupe lenye harufu nzuri, imesema kweli. Lakini mwanamke aliyeichuma uani tangu utoto angesema kwamba nusu ya habari imeachwa.

Inashangaza zaidi kwamba lugha yenyewe haikuacha nusu hiyo. Majina mengi ya Kiswahili yalitungwa na watu waliotazama kwa makini. Mti wenye maua mekundu uliotoka Bukini, ambao siku hizi hupamba viambo na barabara, watu waliuita mkrismasi, kwa kuwa huchanua tangu vuli na kuwaka mwishoni mwa mwaka. Hapa jina lenyewe ni kalenda. Kifauwongo limetaja tabia ya mmea unaokunja majani yake ukiguswa. Dudumizi, aitwaye pia tipitipi, ameitwa kwa sauti yake, ile iteremkayo kama maji yamiminwayo kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Na wengi humhesabu kuwa ndege wa mvua, kwa kuwa husikika sana majira ya mvua. Watu waliweka sauti, tabia na wakati ndani ya jina. Mtunga kamusi akavitoa, akabakiza jinsi.

Tokeo la kasoro hii laonekana wazi zaidi katika majina ya majira yenyewe. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ndiyo majira ambayo bustani ya nyumbani hufufuka: majani huota ukutani, kunde na mchicha hupandwa, mnana huanza kusuka viota. Walakini baadhi ya wafasiri wamelichukua neno hili kutaja majira ya Ulaya ambayo majani hukauka na kuanguka. Miezi yakaribiana, lakini maana zimepeana mgongo: huku ni kuchipua, kule ni kupukutika. Mtoto wa Tanga asomaye katika hadithi kwamba vuli iliifanya miti kuwa mitupu, kisha akachungulia dirishani na kuona kijani kitupu, hujifunza jambo moja baya, kwamba maneno ya kitabuni si maneno ya nyumbani. Wala jambo hili si la hadithi peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa majina hayo hayo ya vuli na masika, na mkulima huutegemea katika kupanda. Neno linalobeba chakula cha watu halifai kuachwa lichuje.

Tena Kiswahili hakikukosa hesabu ya kuyapima majira. Mwaka wa Kiislamu, ufuatao mwezi mwandamo, ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, na kwa hiyo mfungo huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Mkulima na nahodha walihitaji hesabu nyingine, nao walikuwa nayo: mwaka wa siku 365 uanzao kwa Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Makunduchi, kusini ya Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa hata leo mwezi wa Julai. Kwa miongo hiyo watu walijua siku ya kupanda na siku ya kutweka. Lugha yenye hesabu ya namna hii haiwezi kusingiziwa kwamba haina maneno ya kueleza lini.

Zipo hoja za kupinga, nazo zapasa kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba kamusi si kitabu cha elimu ya viumbe, na nafasi yake ni ndogo. Ni kweli, lakini maneno sita juu ya wakati hayazidi nafasi ya maneno sita juu ya rangi, na mara nyingi yanafaa zaidi. Ya pili ina uzito mkubwa: majira hayafanani kila mahali. Pwani ya kaskazini ina masika na vuli, lakini Dodoma na Songea zina msimu mmoja wa mvua. Kinachochanua Lamu mwezi huu hakichanui Bujumbura. Jibu ni kwamba wakati utajwe kwa mvua na pepo, si kwa mwezi peke yake, na inapolazimu, mahali patajwe pia. Hoja ya tatu ni kwamba mambo hubadilika. Hubadilika kweli, na hiyo ni sababu ya kuyaandika, si ya kuyaacha. Kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, akaenea hata mrima; hula mayai na makinda ya ndege wadogo wa bustani, na katika miji mingi amemfunika yule kunguru wa asili mwenye kifua cheupe. Jina ni moja, lakini mtoto wa Dar es Salaam alitamkapo haoni akilini ndege aliyeonwa na babu wa babu yake. Kamusi isiyoyasema hayo huwaacha wawili hao wakidhani kwamba wanaelewana.

Kukosoa pasipo kuonyesha njia ni kazi nyepesi. Maelezo mawili yafuatayo yanatolewa kama kielelezo, ili yapimwe na kusahihishwa.

Fumbwe: ndege mdogo alaye mbegu, dume huwa na rangi nyeusi na nyeupe na mkia mrefu wakati wa mvua za kuzalia, kisha hurudi kufanana na jike, rangi ya kahawia yenye michirizi, jike hutaga katika viota vya ndege wengine.

Mkungu: mti wa pwani wenye matawi yaliyotanda ngazi kwa ngazi, majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, mahali pengi mara mbili kwa mwaka, tunda lake huitwa kungu.

Maelezo hayo si marefu, wala hayana neno gumu. Lakini hayawezi kuandikwa na mtu aliyekaa mezani na kamusi tatu za zamani mbele yake. Yanahitaji mtu atazame ua mmoja mwaka mzima, daftari mkononi, aandike siku, upepo na mvua. Na yanahitaji waulizwe wenye ujuzi ambao kwa kawaida hawaulizwi: wanawake washonao vikuba, vijana wamwagiliao bustani, wazee waliohesabu miongo. Wengi wa wazee hao wamekwisha kwenda, na waliobaki hawatangoja. Chuo chenye wanafunzi kutoka pwani na bara chaweza kuanza kazi hii pasipo fedha nyingi, kwa daftari moja kila nyumba na Nairuzi moja hadi nyingine. Kamusi itakayotoka hapo itakuwa nene kidogo kuliko zilizotangulia, na mtoto wa Tanga atakapochungulia dirishani, vuli ya kitabuni na vuli ya nje zitakuwa moja.