Tai wa Ukutani

Sebuleni kwangu ipo picha ya tai niliyozawadiwa na mwalimu mwenzangu aliporejea kutoka masomoni Marekani. Ni nakala ndogo tu ya kuchapwa. Seremala wa chuo aliitia fremu. Wageni huisifu, nami kwa miaka mingi niliwaonyesha wanachuo wangu kuwa mfano wa kutazama. "Asiyeweza kutazama hivi," niliwaambia, "asishike chaki."

Mchoraji ni John James Audubon. Kati ya mwaka 1827 na 1838 alitoa picha 435 za ndege wa Amerika, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kwa kimo chake halisi. Huyu wa kwangu ni tai wa dhahabu, aliyechorwa mwaka 1833. Anapaa juu ya milima ya theluji, mdomo wazi, kamshika sungura mweupe, na ukucha mmoja umezama jichoni mwa sungura huyo. Wachoraji wengi waliotangulia walimkalisha ndege tawini kama mtu aliyekwenda studio kupigwa picha. Audubon alimwonyesha tai akiwa kazini. Kwa hilo, sifa anastahili.

Lakini baadaye nilikuja kujua aliyoyaeleza mwenyewe. Tai yule alimnunua hai mjini Boston. Ili amuue bila kuharibu manyoya, alifunika kizimba kwa mablanketi katika chumba kidogo, akaweka humo mkaa unaowaka. Sisi tunaopikia mkaa twajua moshi wake unavyoua kimya kimya. Tai hakufa. Akaongeza salfa, ndege bado akamkazia macho. Mwishowe alimchoma moyoni kwa chuma chenye ncha, ndipo akakaa kumchora.

Simhukumu kwa kuua. Siku hizo haikuwapo kamera ya kumnasa ndege angani. Linalonisumbua ni jingine. Katika mchoro wake wa awali wa rangi za maji, uliohifadhiwa New York, pembeni chini yumo mtu mdogo anayetambaa juu ya gogo lililovuka korongo, amebeba mgongoni ndege aliyemuua. Robert Havell alipochonga bamba la kuchapia huko London, mtu huyo aliachwa. Gogo likabaki tupu. Mchoro wa kwanza ulikiri kwamba uzuri huu una muuaji. Nakala ikanyamaza, na nakala ndiyo iliyoenea kwenye kuta za watu.

Sijaiteremsha picha yangu. Bado ni kazi bora, na ukuta ungebaki mtupu. Ila siku hizi mgeni akiisifu, humwonyesha lile gogo nikamwuliza: nani alipita hapa? Najuta kwamba wanachuo wangu niliwapa nusu ya somo. Niliwafundisha kutazama kilichochorwa. Sikuwafundisha kuuliza kilichofutwa. Nao wametawanyika shuleni kote, wanafundisha kama nilivyowafundisha.